Bomba Lililoishia Chini ya Sakafu

Vijana wa garaji, mmeniomba niandike namna ya kuunga bomba la moshi, kwa sababu mnasema mikono yangu ilijua kazi lakini mdomo wangu haukujua kufundisha. Ni kweli. Nilikuwa mkali na nilisema kidogo. Sasa mgongo umekataa kuingia chini ya gari, nina kiti, nina daftari, na nina wakati. Nitaandika. Lakini siwezi kueleza kuunga bomba nisimtaje Papa Kiza, na nikimtaja Papa Kiza lazima niseme nilichomfanyia. Habari za nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini hazimo humu. Hazikunifundisha kitu.

Niliingia garaji nikiwa na miaka kumi na tisa, nchi ikiwa imepewa jina la Zaire si muda mrefu. Na mimi nilikuwa nimebadilishwa jina: la ubatizo lilikatazwa, nikabaki Sangwa, na mbele ya wakubwa Citoyen Sangwa, yaani Raia Sangwa. Garaji lilikuwa karibu na daraja la Lukuga. Mzungu aliyelijenga aliandika jina lake juu ya mlango. Baadaye walilipaka chokaa, lakini kila mvua iliponyesha lilionekana tena. Kama miaka miwili baada ya mimi kuingia, mzungu alinyang'anywa, garaji likapewa Citoyen Mwilambwe. Alikuwa mtu wa chama, mwenye abakosti tatu, yale makoti ya chama yasiyo na tai, zilizopigwa pasi vizuri. Kuhusu magari, alijua kukaa kiti cha mbele.

Aliyekuwa anafanya garaji litembee, wakati wa mzungu na baada yake, ni Papa Kiza. Alikuwa Mubembe kwa kabila, kutoka mwambao wa kaskazini wa ziwa. Alianza kazi kwenye moteri za boti za wavuvi, akashuka Kalemie kutafuta vipuri, akaoa, akabaki. Alikuwa mfupi, kifua kipana, na alipokuwa chini ya gari aliimba nyimbo za kanisa kwa sauti ndogo, sauti ya pili tu, kana kwamba ya kwanza inaimbwa na gari.

Siku yangu ya kwanza hakunipa chombo. Alinilaza chini ya gari iliyokuwa inawaka, akaniuliza:

"Unasikia nini?"

"Makelele, Papa."

"Makelele ya nini?"

"Ya gari."

"Toka. Utarudia kesho."

Nilirudi kesho yake, na siku iliyofuata. Siku ya nne, chini ya mngurumo ule wote, nikasikia kitu chembamba kinasema tsi, tsi, tsi, kama mtu anayevuta mate kwenye jino. Nikaonyesha kwa kidole. Akaleta mkono wake kando ya bomba, karibu lakini bila kugusa, akausogeza mpaka pale nilipoonyesha.

"Njo hapo penyewe," akasema. "Inapumua. Sasa unaweza kushika musumeno."

Neno hilo "inapumua" lilikuwa neno lake la kulaani. Bomba zuri halipumui, linapumua mwishoni tu. Hakuwahi kumwambia mtu kwamba amefanya vizuri. Ukifanya vizuri alisema "haipumui," akaenda zake, nawe ukafurahi wiki nzima.

Basi sikilizeni, hii ndiyo kazi yenyewe. Bomba ukilikata, likate wima, usikate kwa mshazari kama muhogo. Kutu uikwangue mpaka chuma king'ae, ndani na nje, vidole vinne kutoka ukingoni. Bomba linalotoka upande wa moteri liingie ndani ya lile linalofuata. Wengi mnafanya kinyume kwa sababu ni rahisi kulipanua lile la mbele, halafu mnashangaa moshi unagonga ukingo na kutafuta njia ya kutoka. Lile la nje ulipasue kidogo kwa msumeno, pande mbili, ili kolie, ule mkanda wa chuma wenye skrubu, ikikazwa libane kweli. Kolie zikikosekana, kata ukanda wa chuma ukunje mwenyewe, lakini usifunge kwa waya peke yake. Waya unashika wakati wewe unatazama. Na bomba lisikazwe kwa chuma tupu chini ya gari, litundikwe kwa mpira wa gurudumu la zamani, kwa maana moteri inatikisika, na kitu kisichokubali kutikisika kinapasuka. Ukimaliza, washa, kamata kitambaa chenye maji, ziba mdomo wa bomba kwa nyuma, na usikilize. Kama moteri inakabwa, umeunga. Kama inaendelea kucheka, umeacha tundu.

Kuchomelea tulichomelea kwa kabidi, yale mawe ambayo ukiyamwagia maji yanatoa gesi yenye harufu ya kitunguu kilichooza. Mabomba ya maji yaliyopakwa zinki tuliyaogopa, kwa sababu ukiyachoma yanatoa moshi mweupe na unapofika nyumbani unatetemeka kama mwenye malaria. Wengine garajini walisema dawa ni maziwa. Papa Kiza alisema: "Maziwa ya ng'ombe wa nani? Kwangua zinki kwanza."

Wakati wa Citoyen Mwilambwe duka la vipuri la garaji lilikwisha katika miezi michache. Hakuna aliyeagiza kingine. Mabati ya paa nayo yakaenda kuezeka nyumba ambayo sitaitaja. Kwa hiyo tukaanza kufuata magari majumbani. Tulipakia chupa ya gesi, mirija na vyombo kwenye pusupusu, mkokoteni wetu wa kusukuma, tukapita darajani mpaka mtaa wa Kataki, mpaka kila kiwanja chenye gari lililolala. Bomba jipya la moshi lilikuwa kitu cha hadithi. Tuliunga kwa kila kilichokuwa mviringo na wazi katikati: miguu ya viti, nguzo za bendera, mabomba ya boti zilizokufa ziwani.

Mama Mwadi, muuguzi, alikuwa na gari dogo lililompeleka hospitali. Bomba lake lilikatika na hatukuwa na kitu cha kuunga. Alifikiri kidogo, akaingia ndani, akatuita. Alituonyesha kitanda chake cha chuma.

"Kichwa ya kitanda iko ya bomba," akasema. "Muangalie kama inaenea."

Ilienea kama iliyoagizwa. Mume wake aliporudi kutoka kazini alikuta godoro chini na sisi tunakusanya vyombo.

"Kitanda yangu iko wapi?"

Papa Kiza hakuacha kukunja mrija. "Imeenda hospitali, Papa. Itarudia saa kumi na bibi yako."

Nacheka bado nikiandika. Hiyo ndiyo miaka ambayo ningependa kuendelea kuandika. Lakini baada ya hiyo ulikuja mwaka wa kamyoneti.

Citoyen Mwilambwe alikuwa na kamyoneti, mbele viti viwili, nyuma sanduku la chuma lililofunikwa kwa turubai juu ya vyuma. Treni ilipokuwa inatembea, kamyoneti ilibeba simenti na wageni wake. Majira yale ya mvua treni ilisimama wiki mbili, na hakuna aliyejua itaondoka lini. Wamama waliokuwa wanapeleka ndagala, wale dagaa wa ziwa, mpaka mji wa Nyunzu walikaa kituoni na mifuko yao. Ndagala waliokauka vizuri hawaozi haraka, lakini wakinyeshewa wanaota funza. Citoyen Mwilambwe akaona kazi. Akawaambia wamama watano kwamba kamyoneti yake itawapeleka kwa barabara.

Bomba la kamyoneti lilikuwa limekatika nyuma ya silansie, kile kikopo kikubwa kinachomeza makelele. Kipande chote cha nyuma, kinachopita juu ya ekseli na kutokea mkiani, kilikuwa kimeanguka njiani na kupotea. Tuliitwa nyumbani kwake asubuhi, mimi na Papa Kiza. Papa Kiza alijilaza chini, akatoka, akapanda nyuma, akainua magunia mawili yaliyokuwa yametandikwa sakafuni. Bati la sakafu lilikuwa limeliwa na kutu. Matundu mengine yalipitisha kidole, mengine yalipitisha ngumi.

"Citoyen," akasema, "inaomba bomba ya mita moja na nusu, ipite juu ya ekseli, itoke nyuma kabisa. Na hii sakafu inaomba bati."

"Bati iko wapi? Bomba iko wapi?"

"Nitatafuta. Unipe siku mbili."

"Siku mbili wamama watakuwa wameenda kutafuta gari ingine. Weye unga silansie isimame, gari isilie. Moshi itatoka chini, itaenda na upepo."

"Mvua ikinyesha watafunga turubai," akasema Papa Kiza. "Moshi itaingia kwa hii matundu, haitapata kwa kutokea. Huu moshi haukoroge muntu macho tu. Unalaza muntu. Analala, haamuke. Miye siiungi vile."

Citoyen Mwilambwe alimtazama kama mtu anayetazama mbwa aliyeongea. Akamwambia aende nyumbani. Papa Kiza akajifuta mikono, akaniangalia. Nilijua maana yake: kusanya vyombo, twende. Nikajifanya natafuta ufunguo. Akaondoka peke yake, na pusupusu akaniachia, labda kwa kuwa alidhani nitaisukuma nyuma yake.

Mwenye gari akanigeukia.

"Na weye, Sangwa? Uko fundi ao uko mutu wa kubebea Kiza chupa?"

Vijana, mtasema aliniogofya. Hakuniogofya. Hakunipa ahadi wala hakunitisha. Alinigusa tu pale palipokuwa panauma. Nilikuwa na miaka saba chini ya Papa Kiza, na mjini bado niliitwa "yule wa Kiza." Nilikuwa nimemsikia vizuri alichosema kuhusu moshi. Nilikuwa nimekijua tangu mwaka wangu wa kwanza. Nikasema:

"Niko fundi, Citoyen."

Nikachukua kipande cha bomba la kiti, urefu wa mkono wangu, nikaunga nyuma ya silansie. Niliunga vizuri. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo: niliunga vizuri sana. Nilikata wima, nilikwangua, nilipasua, nilikaza kolie mbili. Haikupumua hata kidogo. Ila iliishia pale, mbele ya ekseli, mdomo umeelekea chini ya sakafu ile. Nikakunja ncha kidogo kuelekea kando ya gari, nikajiambia kwamba hiyo inatosha.

Wamama walikuwa wamekaa kiwanjani juu ya mifuko yao. Mmoja wao, Mama Feza, mwenye umri wa dada yangu mkubwa, alinisogelea wakati natoka chini ya gari. Alikuwa na kiazi kitamu cha kuchoma, akakivunja akanipa nusu.

"Fundi, toka asubuhi hujakula," akasema. "Ile baba mwingine amekasirikia nini?"

"Hapana kitu, Mama. Ni mambo ya kazi."

"Gari iko muzuri? Tutafika?"

Nilikuwa na kiazi chake kinywani. "Iko muzuri, Mama. Mutafika."

"Basi Mungu akubariki," akasema, akaenda kumsaidia wifi yake, Mama Zaina, kupandisha mifuko. Wakapanga ndagala kando kando, wao wakakaa katikati, sakafuni.

Waliondoka kabla ya saa sita mchana. Mvua ilianza alasiri, mvua ya kweli, nikiwa nyumbani kwangu natazama maji yakishuka kutoka kwenye paa. Nilifikiria turubai. Nilisema moyoni pengine huko walikofika hainyeshi.

Tambwe, dereva, alinisimulia mwenyewe baadaye. Mvua ilipoanza wamama walimgongea bati wakaomba afunge turubai, naye akasimama akafunga kila upande, akakaza kamba vizuri ili mzigo usinyeshewe. Barabara ilikuwa tope. Alikwenda kwa gia ya kwanza, moteri ikinguruma, gari karibu limesimama mahali pamoja. Nyuma waliimba kidogo, halafu wakanyamaza, akafikiri wamesinzia. Saa mbili baadaye alikwama kabisa. Akashuka kuwaomba washuke wapunguze uzito. Alipofungua kamba, mama mmoja alianguka nje, anatapika. Wawili waliokaa karibu na ufa wa turubai walikuwa wanalia kichwa. Mama Feza na Mama Zaina walikuwa wameegemeana. Tambwe alisema nyuso zao zilikuwa na rangi nzuri, nyekundu kidogo mashavuni, kama watu waliotoka jikoni. Aliwaamsha. Aliwaamsha muda mrefu. Watu wa kijiji walikuja kumsaidia kuwashusha, wakamwambia aache.

Waliletwa Kalemie baada ya siku mbili. Sikwenda msibani. Nilisema ninaumwa, na haukuwa uongo wote.

Siku ya tatu tuliitwa kwenye biro moja, ofisi ya wakubwa, mimi, Papa Kiza, na Citoyen Mwilambwe ambaye alikuwa ameshakaa ndani, upande ule wa meza ambao mshitakiwa haketi. Mtu wa usalama alikuwa na karatasi mbele yake na kalamu mkononi. Aliuliza nani alifanya bomba la kamyoneti.

Citoyen Mwilambwe akajibu upesi: "Kwa garaji yangu, bomba zote ni Kiza."

Papa Kiza akasema: "Siyo miye niliunga ile."

"Ni nani basi?"

Papa Kiza hakunitazama. Nilimsubiri anitazame. Kama angenitazama, nadhani ningesema. Akasema: "Mwenye gari alikuwa palepale. Anajua."

Mtu wa usalama akanigeuzia kalamu. "Weye, Citoyen. Bomba za moshi kwa garaji yenu ni kazi ya nani?"

Nikasema: "Bomba njo kazi ya Papa Kiza."

Kila neno lilikuwa kweli. Mtoto wa shule angeweza kuapa juu yake. Papa Kiza aligeuka taratibu akanitazama, sasa kwa kuchelewa, na hakuwa na hasira. Alikuwa na uso ule wa siku yangu ya kwanza, wa mtu anayetega sikio ajue tundu liko wapi. Halafu wakamchukua.

Alikaa gerezani miezi saba. Wafungwa wakati ule walikula walicholetewa na jamaa. Mke wake, Mama Nabintu, alipita mbele ya garaji kila siku na sahani iliyofungwa kwa kitambaa, akinisalimu: "Jambo, Papa Sangwa." Hakujua. Au alijua. Mara moja nilimwomba anipe sahani nimpelekee mimi. Nikaenda mpaka penye mlango, mlinzi akaniuliza nampelekea nani na mimi ni nani wake. Sikupata jibu la swali la pili. Nikampa mlinzi sahani, nikarudi, na baadaye Mama Nabintu akaniambia siku ile mume wake hakula kitu.

Mimi nikawa fundi wa mabomba. Hakuna tena aliyeniita "yule wa Kiza." Nilipata nilichotaka, vijana, chote kabisa, pamoja na chombo chake cha kuchomelea ambacho mpini wake ulikuwa umechimbika kwa vidole vyake, vifupi kuliko vyangu. Nilikishika miezi saba na hakikukaa vizuri mkononi hata siku moja.

Walimtoa kama walivyomwingiza, bila maelezo. Alikuja garaji siku ya pili kuchukua vyombo vyake. Kile kifua kilikuwa kimekwisha, shati limening'inia. Wengine walimkumbatia, wakapiga makofi. Alipomaliza nao alikuja pale nilipokuwa, akakaa juu ya gurudumu. Nilianza kusema kitu, nadhani nilianza kuomba msamaha, akanikatiza.

"Ulikata wapi?"

"Papa?"

"Ile bomba. Ulikata wapi? Ulimalizia wapi?"

Nikamwambia: mbele ya ekseli, nikakunja ncha kando. Akatikisa kichwa polepole, kama fundi anayesikia habari ya kazi ya fundi mwingine.

"Kwa boti ya zamani ya wamisioni, kule ufukoni," akasema, "kulikuwa bomba ya karibu mita mbili. Nzima. Nilienda kuitazama ile asubuhi, nilipotoka kwa Citoyen. Nikaibeba begani mpaka karibu na soko. Wakaniambia gari imeishaondoka."

Nikakaa chini mbele yake.

"Ungenifuata," akasema. "Ungesukuma ile pusupusu, ukanifuata. Masaa matatu tu, Sangwa. Kwa saa tatu tungekuwa tumemaliza."

Akainuka. Nilimpa chombo chake cha kuchomelea, akakitazama, akasema nibaki nacho, macho yake hayawezi tena kazi ya moto. Kabla mwezi haujaisha yeye na Mama Nabintu walipanda boti kurudi kaskazini. Sikwenda bandarini. Miaka sita baadaye mtu wa kwao alileta habari kwamba amekufa, kwa ugonjwa wa kifua.

Habari hiyo ndiyo iliyonisukuma, nami nasema kwa aibu, kwa sababu alipokuwa hai hakuna kilichonisukuma. Nilivaa shati safi nikaenda kwenye biro wanapotunza mafaili ya mashtaka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu, hata kufungwa. Nilimwambia karani nataka kufuta ushahidi wangu katika mambo ya Kiza na kamyoneti, na kuandika mwingine. Aliandika jina, akaenda nyuma. Alikaa muda mrefu. Aliporudi alikuwa na vumbi kwenye nywele.

"Papa, hakuna dosie ya namna hiyo."

"Alifungwa miezi saba."

"Inawezekana. Lakini hakushitakiwa. Hakuna kitu kiliandikwa. Hakuna ushahidi wako, hakuna wake."

"Yule mtu alikuwa na kalamu. Alikuwa na karatasi."

Karani alinionea huruma. "Papa, karatasi kila muntu alikuwa nayo."

Nilikaa nje kwenye ngazi za biro ile mpaka walipofunga milango. Nilikuwa nimembeba Papa Kiza miaka ile yote kwenye neno moja nililodhani limeandikwa mahali, na halikuandikwa popote. Walimfunga bure kabisa. Citoyen Mwilambwe alikuwa tayari na gari jingine, na hakuna siku mtu yeyote alimwuliza habari ya ile kamyoneti. Alizikwa miaka mingi baadaye kwa fanfare, tarumbeta na ngoma. Mimi nilikuwa fundi aliyetengeneza bomba la gari lililombeba. Lilitokea nyuma kabisa, kwa hilo nawahakikishia.

Siku iliyofuata ile ya biro nilikwenda kwa mume wa Mama Feza. Papa Kalunga alikuwa mshonaji wa nyavu, akikaa upande wa ziwa na binti zake wawili waliokuwa wameshakuwa wasichana wakubwa. Hakunijua. Alinitolea kiti, akaita mmoja wa binti aniletee maji, akaniuliza kama nimekuja kwa wavu. Nilimwambia jina langu. Nilimwambia kwamba Kiza hakuwa na kosa, kwamba mimi ndiye niliyeunga lile bomba, kwamba niliambiwa litaua na nikaunga.

Aliacha kushona lakini sindano ya wavu ilibaki mkononi mwake. Aliuliza swali moja tu, na halikuwa lile nililolitayarishia jibu.

"Ulimuona siku ile?"

"Nilimuona."

"Alikuambia nini?"

Nikamweleza. Kiazi, na kile alichoniuliza.

"Na weye ukamujibu nini?"

"Nikamujibu gari iko muzuri."

Binti alikuwa amefika na kikombe cha maji, amesimama, hajui kama anipe. Papa Kalunga akamwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwaga, mama." Binti akayamwaga mchangani. Halafu baba yake akanigeukia.

"Simama," akasema.

Nikasimama. Akachukua kile kiti nilichokuwa nimekalia, akakipangusa kwa mkono, akakiingiza ndani ya nyumba, na binti zake wakaingia nyuma yake.